Saa Mbili za Kunyonyesha

Mfanyakazi anayenyonyesha nchini Tanzania anaruhusiwa kumnyonyesha mwanawe hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Haki hiyo imo katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sasa mfuate mama anayefanya kazi Posta, Dar es Salaam, na kuishi Mbagala au Bunju. Mtoto yuko nyumbani na dada wa kazi. Akitoka mchana kwenda kunyonyesha, foleni itazila saa hizo zote mbili, na pengine atafika mlangoni muda wa kurudi umeshapita. Kwa hiyo haendi. Anajifungia chooni, anakamua maziwa huku mlango ukigongwa, kisha anayamwaga kwenye sinki kwa kuwa hana pa kuyahifadhi.

Tunapozungumzia usawa wa kijinsia kazini, mazungumzo hukimbilia vyeo, mishahara na idadi ya wanawake kwenye bodi. Hayo yote ni ya maana. Ila mimi, baada ya miaka ya kushughulika na masuala ya ajira, naanzia kwenye hicho choo, maana hapo ndipo wanawake wengi huanza kuachwa nyuma.

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Titi lisiponyonywa wala kukamuliwa kwa saa nyingi hujaa, hukakamaa na kuuma. Mama anaweza kupata uvimbe na homa, akaanza kuomba ruhusa ya kwenda hospitali, na ofisini ikasemwa kwamba tangu ajifungue amekuwa mtu wa visingizio. Hali hiyo ikijirudia siku baada ya siku, maziwa hupungua. Nyumbani watamwambia hali vizuri, anywe uji na supu ya pweza. Atakunywa. Lakini siku ya kawaida ya kazi kisheria inaweza kufika saa tisa, ongeza za barabarani, na hakuna supu inayoweza kufidia saa kumi na mbili bila mtoto kifuani.

Hesabu ya likizo nayo haimsaidii. Mama hupata siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, yaani siku 180 hivi. Hata mama aliyefanya kazi mpaka siku ya uchungu, akaanza likizo siku aliyojifungua, atabakiza siku 96 za kunyonyesha huku yuko kazini. Aliyeanza likizo wiki nne kabla, kama sheria inavyomruhusu, humwacha mtoto nyumbani akiwa na umri wa wiki nane tu. Anayejifungua njiti aliongezewa muda kwa marekebisho ya sheria ya hivi karibuni, na hilo ni jambo jema sana, lakini kwa mama wengine siku ni zilezile 84.

Siku 84 ni wiki 12. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kulinda uzazi kazini, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919, ulipanga wiki sita kabla ya kujifungua na wiki sita baada yake. Zaidi ya karne moja imepita na bado tuko kwenye kipimo kilekile, wakati mkataba wa mwaka 2000 ulishapandisha kima cha chini hadi wiki 14.

Yupo pia mwanamke ambaye hata hizo 84 hazimfikii. Sehemu ya likizo katika sheria yetu haimpi likizo ya malipo mfanyakazi aliyetumikia chini ya miezi sita, isipokuwa wa msimu au anayeajiriwa mara kwa mara na mwajiri yuleyule. Ndiyo maana mikataba mifupimifupi ya viwandani inapaswa kuchunguzwa kwa makini. Na yule dada aliyeachiwa mtoto pale Mbagala? Naye ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyohiyo. Dada wa kazi wengi wana watoto waliowaacha kijijini kwa bibi. Mama wa ofisini anayedai saa zake mbili ajiulize kama dada yake wa kazi ana hata mkataba wa maandishi.

Hasara ya haya yote huonekana polepole. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, alionyesha kwamba pengo la mapato kati ya wanaume na wanawake katika nchi tajiri leo hufunguka zaidi anapozaliwa mtoto wa kwanza. Kwetu sura yake tunaijua: safari ya kikazi anapewa mwingine "ili mama apumzike", mafunzo yanampita, na anaporudi anakuta meza yake imehamishiwa kwenye kazi ndogo. Hilo la mwisho ni kosa. Sheria inasema anarudi kwa masharti yaleyale aliyoondoka nayo. Kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito ni uachishaji usio halali, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ujauzito.

Kenya ilipiga hatua ambayo nasi tungeifuata. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu, umeme, meza na viti, na kisiwe chooni. Sheria yetu imetoa muda ikasahau mahali. Tena imesema "hadi" saa mbili, neno linaloweka ukomo wa juu bila kutaja wa chini, na hapo mwajiri mkorofi hupata mwanya wa kumpa mama nusu saa.

Wakati tunasubiri Bunge, mwajiri hahitaji kusubiri. Chumba kidogo chenye komeo, kiti, soketi na jokofu kinatosha, maana maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwenye jokofu hadi siku nne. Asiye na chumba amruhusu mama achelewe kuingia saa moja na kutoka saa moja mapema. Vyama vya wafanyakazi viliingize jambo hili kwenye mikataba ya hali bora.

Nawe dada uliye mjamzito, toa taarifa ya likizo kwa maandishi miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukirudi, omba saa zako za kunyonyesha kwa barua pia. Ukinyimwa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tu.