Siku Tatu Msituni Chini ya Mlima Kenya

Tunawaomba radhi wasomaji walioitafuta safu hii wiki iliyopita wasiione. Hatukuwa wagonjwa. Tulikuwa msituni.

Rafiki yetu mmoja, mfanyabiashara wa Nyeri ambaye asili yake ni Lamu, ana trela dogo la kukokotwa na gari. Ukilifungua, juu husimama hema na ubavuni hutoka jiko. Kwa miaka mingi amekuwa akitushawishi tulichukue tukapumzike. Mwezi huu wa Mfungo Tano tulikubali, na tukamwomba asitufuate, kwani tulichokitaka ni faragha: siku tatu bila simu, bila darasa, bila kesi za ndoa na talaka. (Wako wanaoogopa kusafiri katika Safar. Mtume alikwisha ibatilisha itikadi hiyo, nasi tuliona vyema kuonyesha kwa vitendo.)

Tulipokuwa tukifunga begi, mke wetu aliuliza swali moja tu. "Maalim, si wewe uliyetufundisha kuwa Mtume amechukia mtu kusafiri peke yake?" Tukamjibu kwamba ulamaa wameifungamanisha karaha hiyo na khofu na hatari, na kwamba njia za leo zina watu, na kambini kuna askari wa msitu. Akanyamaza, tukadhani jibu limemkinaisha.

Tulisali Ijumaa mjini Nyeri, mji ambao kwa mambo ya kambi una sifa yake: huko ndiko alikozikwa mwaka 1941 Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti. Kisha tukashika njia ya Kiganjo hadi Naro Moru, tukakata kulia kuuelekea mlima. Kambi yenyewe ni uwanja wa nyasi kando ya mto, umezungukwa na mierezi, na kwa juu mianzi. Mgeni mwingine hakuwako. Kibanda cha askari kilikuwa mbali kuliko tulivyodhania.

Mahali hapo pako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake mtu wa pwani haijui. Maji ya mto hukata vidole. Wapo watakaouliza kuhusu tayamamu. Tunasema kwamba mwenye jiko na sufuria hana udhuru, apashe maji. Khofu za ngozi, zikivaliwa juu ya udhu kamili, msafiri hupaka juu yake siku tatu na masiku yake, nasi tulimshukuru Mungu kwa rukhsa hiyo kila alfajiri. Adhuhuri, Laasiri na Isha tulizisali rakaa mbili mbili.

Kibla cha huko, kama cha Mombasa, ni kaskazini, ila huinama kidogo mashariki. Wazee wa Kikuyu walikuwa wakiuelekea mlima wao, Kirinyaga, katika maombi yao. Sisi tulisimama mlima ukiwa kuliani, na mawingu yalipofunguka alfajiri ya kwanza, kilele cha Batian, mita 5,199, kilikuwa begani kwetu. Tuliadhini kwa sauti ya juu ingawa hapakuwa na wa kuitika, kwani Mtume amefundisha kwamba kila kiisikiacho sauti ya mwadhini kitamshuhudia Siku ya Kiyama. Mbega wawili walitutazama kutoka mtini.

Usiku ulikuwa na habari nyingine. Usiku wa kwanza ulisikika ukelele ulioanza chini kama mlango wenye bawaba kavu, ukapanda hata ukawa mayowe. Tulisoma Ayatul Kursiy mara tatu. Asubuhi askari alicheka: ni perere, mnyama mdogo kama sungura aishiye juu ya miti. Usiku wa pili walikuja tembo. Hatukuwaona, tulisikia matawi yakivunjika, kisha pumzi, kisha kimya kirefu kilichokuwa kibaya kuliko matawi. Simu haikuwa na mtandao. Tulilala chali ndani ya turubai jembamba, na hadithi tuliyokuwa tumeitolea jibu jepesi pale nyumbani tukaifahamu upya.

Siku ya kuondoka ilinyesha mvua, na trela likazama topeni. Waliotutoa ni wanawake watano waliokuwa wakitoka msituni na mizigo ya kuni migongoni. Waliitua, wakasukuma, wakatuchafukia nguo zao. Mkubwa wao akatuuliza, "Mzee, na mama yuko wapi?" Tukamwambia mama ametangulia mbele ya haki miaka kumi sasa. Akatupa pole nyingi, akauliza ni nani anayetupikia. Hapo ndipo tulipotambua kuwa huko bara "mama" ni mke! Tukasema, la, yuko hai, yuko nyumbani na wajukuu. Akawatafsiria wenziwe kwa Kikuyu, wakacheka wote. Lugha hatukuijua, kicheko tulikielewa.

Mke wetu naye alicheka tulipomsimulia. Kisha akasema, "Kumbe hata wao wamejua kuuliza."

Tulijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipolala usiku mmoja bila mtu wa kumwamsha. Tulirudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi kabla ya kifungua mimba, tukakoma. Miaka yote hiyo tumekaa itikafu, tumekwenda semina, na sasa msituni. Na kila tuliporudi mlango ulifunguliwa na yeye.

Tunajua wako waume watakaosema sheikh amewaharibia nyumba. Na waseme. Likizo ya Desemba, inshaallah, atakwenda yeye na dada zake wawili, na kaka yao atakuwa mahramu wao na mwendesha gari. Wajukuu watabaki nasi, na wali tutaupika wenyewe. Kuhusu tembo tumemweleza wazi. Akasema watakuwa wanne, tofauti na sisi. Alilotaka kulijua ni kama jiko lile linachemsha maji ya kutosha, na kibla atakijuaje mawingu yakifunika.

Tukamwambia aulize mapema, kabla hayajafunika, mlima uko upande gani, kisha auweke kuliani kwake.