Hoteli ndogo za kifahari Shinyanga na Geita

Hoteli ndogo ya kifahari ni nyumba ya kulala wageni iliyopo mjini, yenye vyumba vichache, inayotoza bei kubwa kuliko gesti za kawaida na kumwahidi mgeni starehe na uangalizi wa karibu. Katika nchi nyingine huitwa hoteli ya butiki. Jina hilo lilienea baada ya hoteli ya Morgans kufunguliwa New York, Marekani, mwaka 1984. Nchini Tanzania hoteli za aina hii zinajulikana zaidi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lakini zipo pia katika miji ya migodi kusini mwa Ziwa Viktoria, kama vile Geita, Kahama na Shinyanga.

Jina

Katika Kiswahili cha Tanzania neno "hoteli" lina maana mbili: mahali pa kulala na mahali pa kula, hata kama ni banda la chai na chapati. Mahali pa kulala pa bei nafuu huitwa gesti. Kwa hiyo bango lenye neno "hoteli" halimwelezi msafiri ubora wa huduma. Maneno "ya kifahari" nayo ni ya mwenye nyumba mwenyewe; hayatolewi na serikali.

Historia na wageni

Shinyanga ipo kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, kisha mgodi mkubwa wa wazi ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Ulifuatwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, yote miwili upande wa Kahama. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na soko la dhahabu la mjini Geita lilifunguliwa Machi 2019. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na tangu hapo msafiri wa Mwanza kwenda Geita hategemei tena kivuko.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza aina ya wageni. Wengi hawaji kutalii. Ni wakandarasi wa migodi, wanunuzi wa dhahabu, wafanyabiashara wa mpunga na pamba, watumishi wa serikali walio safarini au kwenye semina, na familia zilizokuja harusini. Mara nyingi anayelala si anayelipa: kampuni hulipa ankara, au mtumishi hutumia posho ya safari. Mgeni wa namna hiyo akikuta shuka chafu hunung'unika, hulala, na asubuhi huondoka bila kusema neno. Mwenye hoteli huona vyumba vimejaa na kudhani mambo ni mazuri. Mgodi ukipunguza shughuli, kama Buzwagi ilivyoacha uzalishaji mwaka 2021, wageni wa lazima hupungua, na hoteli hubaki na wale wanaoweza kuchagua. Hapo ndipo ubora wa huduma unapoamua nani atabaki na biashara.

Upangaji wa daraja

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999 unazitaka nchi wanachama kuwa na viwango vya pamoja vya kupanga hoteli. Kwa viwango hivyo hoteli hupewa nyota 1 hadi 5, na hoteli za mjini hupimwa kwa orodha yake, tofauti na loji za mbugani au kambi za mahema. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo ipo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Nyota husaidia, lakini sehemu kubwa ya kinachopimwa ni vitu: ukubwa wa chumba, vifaa vya bafuni, jiko, njia za kutokea moto ukizuka. Mkaguzi huja kwa siku chache. Mhudumu yupo kila siku. Hoteli inaweza kuwa na kiyoyozi kipya na bado ikakosa mtu wa kufungua geti saa sita usiku.

Jinsi ya kupima huduma

Mapokezi. Mgeni huandikwa kwenye kitabu cha wageni: jina, kitambulisho, anakotoka na anakokwenda. Hapo huonekana kama hoteli ina utaratibu. Mhudumu mzuri husalimu kwanza kabla ya kuuliza malipo. Kijana humwamkia mzee shikamoo na kumpokea mzigo. Bei hutajwa yote mapema, pamoja na kodi, na kama chai ya asubuhi imo au haimo. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, hivyo mgeni ana haki ya kuambiwa bei kwa shilingi.

Maji na umeme. Shinyanga ni mkoa wenye ukame. Tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Viktoria kupitia mradi wa KASHWASA, unaoyavuta kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi. Hata hivyo bomba linaweza kukauka kwa siku moja au mbili. Hoteli makini ina tangi la akiba, na hutoa taarifa mapema. Vivyo hivyo kwa jenereta: swali si kama ipo, bali kama ina mafuta na nani huiwasha usiku.

Chumba. Shuka, taulo, kitasa na choo hukaguliwa kabla ya kulipa. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, kwa hiyo chandarua kizima si pambo, hata kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Chakula. Hoteli nyingi huiga kifungua kinywa cha mkate na soseji. Inayojua ilipo huweka pia sato wa ziwani, mtindi, na vyakula vya Wasukuma kama michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga.

Kosa linapotokea. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Kila hoteli hukosea. Tofauti ipo kati ya mhudumu anayesema "meneja hayupo" na yule aliyepewa ruhusa ya kumhamishia mgeni chumba kingine papo hapo.

Kuondoka. Risiti ya mashine ya EFD hutolewa bila kudaiwa na huonyesha kiasi halisi. Mhudumu anayekubali kuandika kiasi kikubwa kuliko kilicholipwa, ili mgeni ajipatie posho zaidi, hamfanyii hisani. Anashiriki udanganyifu.

Hukumu ya haki

Mgeni anapotoa maoni ni vema atenganishe kosa la jengo, kosa la uongozi na kosa la mhudumu. Maji yakikatika, si kosa la dada anayesafisha vyumba. Amri za serikali za kima cha chini cha mshahara huweka ngazi tofauti kwa hoteli za kitalii, hoteli za kati na nyumba za wageni, na wengi wa wahudumu wa miji hii wamejifunzia kazini. Wenye mafunzo hutoka vyuo kama Chuo cha Taifa cha Utalii na vile vya VETA.

Lalamiko likitajwa kwa meneja kabla ya kuondoka, likiwa na namba ya chumba na saa, linaweza kurekebishwa. Likisemwa kwa jumla baada ya safari, mara nyingi humgharimu kazi mtu wa chini na kuacha tatizo palepale. Kunyamaza nako kuna hasara: mgeni anayefuata hulala kwenye shuka ileile.

Tazama pia

Utalii nchini Tanzania
Mkoa wa Geita
Mkoa wa Shinyanga
Kahama