Je, Wajua? Kumbe Jicho la Pili Nalo Hulenga

Kizibo au bila kizibo, medali ni ileile
Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye umri wa miaka 51, alipiga bastola ya hewa akiwa amevaa miwani yake ya kila siku, mkono mmoja mfukoni, macho yote mawili wazi. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakapata medali ya fedha! Kim Yeji wa Korea Kusini naye alipata fedha upande wa wanawake, ila yeye alivaa miwani maalumu yenye kizibo mbele ya jicho moja.

Jicho moja ndilo bosi
Nyoosha mkono, funika kitasa cha mlango kwa kidole gumba huku macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho la kushoto. Gumba likibaki palepale, jicho lako la kulia ndilo linalotawala. Likiruka pembeni, bosi ni la kushoto. Takriban watu wawili kati ya watatu hutawaliwa na la kulia. Kuna anayeshika bunduki kwa mkono wa kulia huku bosi wake akiwa jicho la kushoto, na huyo anaweza kukosa shabaha bila kujua kwa nini. Makocha humhamishia bunduki bega la pili, au humbandikia kipande cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani.

Ukifumba la kushoto, la kulia huhisi
Ubongo hupima mwanga wa macho yote mawili kwa pamoja. Fumba moja, na mboni ya lile lililo wazi hutanuka, kana kwamba taa imepunguzwa. Mboni ikitanuka, ni vigumu zaidi kuona vizuri ncha ya mtutu na shabaha kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, misuli ya uso huchoka kwa kukunja kope. Ndiyo maana wapigaji wengi hawafumbi: huziba jicho kwa kipande cheupe kinachopitisha mwanga, ambacho kwa kanuni za kimataifa hakipaswi kuzidi upana wa milimita 30. Ujanja mdogo, lakini mimi naupenda kuliko yote!

Na umakini huo una sababu: katika bunduki ya hewa ya mita 10, alama ya katikati ina kipenyo cha nusu milimita, sawa na nukta inayofunga sentensi hii.

Sahani inayoruka hutaka macho yote
Wanaopiga visahani vya udongo hewani, vyenye upana wa sentimita 11, kwa kawaida huacha macho yote wazi. Macho mawili hukadiria umbali vizuri zaidi, na huona eneo pana kuliko moja.

Kilengeo kisichoonyesha kitu
Novemba 1970, makomando wa Marekani walivamia usiku kambi ya wafungwa ya Son Tay, Vietnam Kaskazini, wakiwa na vilengeo vya ajabu. Ukichungulia ndani ya kifaa hicho, huoni adui wala mti. Ni giza na doa jekundu tu. Jicho moja huona doa, la pili huona shabaha, na ubongo hupachika doa juu ya shabaha. Fumba jicho lisilo kwenye kifaa, na shabaha yote hutoweka.