Seli Zihamazo: Pua, Kalsiamu na Baleghe



Katika miaka yangu ya ualimu nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 17 ambaye sauti yake ilikuwa haijavunjika. Wenzake walimtania, wazee wake, kwa haya, wakanyamaza, nasi walimu tukanyamaza. Leo vijana wetu hapa Westerville wanafikia umri huo, na naona ni wajibu wangu kueleza nisichokijua siku zile.

Baleghe huanzia kichwani. Chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, mna seli za neva chache mno zitoazo homoni ya GnRH. Homoni hiyo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamsha korodani za mvulana au ovari za msichana.

Ufunguo wa kazi hiyo ni kalsiamu, madini yale yale ya mifupa. Kalsiamu iliyo nje ya seli huzidi ya ndani takriban mara 10,000. Umeme wa neva upitapo, vilango hufunguka, kalsiamu huingia ghafla, na vifuko vya homoni humwaga vilichobeba. Kisha kalsiamu hutolewa, seli ikatulia. (Msidhani, basi, kwamba kumnywesha mtoto maziwa mengi kutaiharakisha baleghe.)

Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake wa Pittsburgh walionyesha kwa kima kwamba homoni hii ikija kwa mapigo, mara moja kila saa, mwili huitika. Ikimiminwa mfululizo, mwili huacha kuitika. Mwaka 1999 watafiti wa Wisconsin walizikuza maabarani seli zilizotoka katika chipukizi la pua la kijusi cha kima, wakaona kalsiamu ikipanda katika seli nyingi kwa pamoja, takriban kila saa.

Kwa nini pua? Kwa sababu seli hizi nazo ni wahamiaji. Ilibainika mwaka 1989 kwamba huzaliwa puani mwa kijusi, zikafuata neva za harufu hadi ubongoni. Safari hiyo ikikatika, hutokea maradhi ya Kallmann: baleghe haiji, na mtu hasikii harufu.

Kwa madhehebu ya Shafii, atimizaye miaka 15 ya Hijria huhesabiwa amebaleghe hata bila dalili. Daktari ana hesabu yake, na moja haiondoi nyingine. Mvulana wa miaka 14 ambaye korodani hazijaanza kukua, au msichana wa miaka 13 asiyeota matiti, apelekwe kwa daktari. Wengi, hasa wavulana, wamechelewa tu. Lakini muulizeni pia: je, unasikia harufu ya udi? Ya karafuu? Ya wali unaoungua? Jibu lake mwambieni daktari. Tiba ya homoni ipo. Huleta baleghe, na wengi waliotibiwa wamejaliwa watoto.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai.