Si Kila Sanamu ni Mhenga

Kwa miaka mingi makumbusho ya Ulaya na Marekani yaliziita sanamu nyingi za mti kutoka Afrika Magharibi kwa jina moja tu: mhenga. Kigango, nguzo ya mti ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kingestahili jina hilo, kwani husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Lakini kwa Wabaule wa katikati ya Ivory Coast, mambo ni mengine. Wazee wao waliotangulia huheshimiwa kupitia viti vya ukoo, kama kwa ndugu zao Waakan wa Ghana. Sanamu zao zina kazi tofauti kabisa.

Wabaule huamini kwamba kila mtu ameacha mume au mke huko blolo, ulimwengu aliotoka kabla ya kuzaliwa. Mwenzi huyo akishikwa na wivu, ndoa huyumba, mtoto hapatikani, biashara hulala. Komien, yaani mpiga ramli, huagiza achongwe: mke ni blolo bla, mume ni blolo bian. Mchongaji hushika tezo na kumtoa mtu wa kutamanika: shingo ndefu, msuko uliopangika, chale safi, na vigimbi vilivyojaa, maana uzuri bila nguvu za kazi si uzuri. Katika karne ya 20 wengine walichongwa wakiwa wamevaa suti na kofia. Nani asiyetaka mume mwenye mshahara? Sanamu hukaa chumbani, hupewa chakula, na usiku mmoja kila juma mwenyewe hulala peke yake kwa ajili yake. Mume au mke wa duniani hana budi kuvumilia.

Ziko pia sanamu za asie usu, viumbe wa porini wanaompanda komien. Hizo humwagiwa damu na mayai.

Ndiyo maana mimi hutazama ngozi ya mti kabla ya sura. Ya blolo hupanguswa na kushikwashikwa hadi ikalainika. Ya asie usu huvaa ukoko mzito wa sadaka. Kwa bahati mbaya, wauzaji wa Ulaya walikuwa na tabia ya kuzikwangua na kuzing'arisha sanamu ili ziwapendeze wanunuzi. Iliyokwanguliwa hivyo, ichunguze kwapani, nyuma ya masikio na ndani ya mifereji ya nywele, ambako kisu hakikufika.