Kabla ya Kununua Mlinzi wa Wingu

Muuzaji wa mfumo wa kugundua uvamizi hupenda kuanza na skrini yenye ramani ya dunia, mishale myekundu ikirushwa kutoka bara hadi bara. Mwache amalize, kisha umuulize: mfumo huu unaona nini hasa? Kisa cha benki ya Capital One ya Marekani kinaeleza kwa nini swali hilo ni zito kuliko la bei.

Machi 2019, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Amazon aligundua kwamba ukuta unaolinda tovuti za benki hiyo ulikuwa umepangwa vibaya. Aliutuma ukuta wenyewe ukaulize anwani 169.254.169.254, ambako seva iliyo kwenye wingu la Amazon hupata taarifa zake, pamoja na ufunguo wa muda wa kuingilia huduma nyingine. Ukuta ukatii, ukamletea ufunguo. Kwa ufunguo huo aliorodhesha hifadhi za data za benki na kunakili zilizomo: taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada. Benki ilikuja kujua Julai 17, tena kwa baruapepe ya mtu wa nje. Mwaka 2020 ilitozwa faini ya dola milioni 80.

Sasa chukua Snort au Suricata, mifumo mizuri na ya bure inayochunguza pakiti za mtandao, uiweke pale. Ombi la kwanza lingeweza kunaswa, iwapo tu mawasiliano yanafunguliwa usimbaji kabla ya kukaguliwa. Baada ya hapo ni giza. Safari ya kwenda 169.254.169.254 hairekodiwi hata kwenye kumbukumbu za kawaida za mtandao wa Amazon. Data nayo ilitoka moja kwa moja kwenye hifadhi, ikiwa imesimbwa, kwa ufunguo halali, bila kupita mbele ya seva za benki.

Alama zilibaki kwingine. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, kumbukumbu za benki zilionyesha amri ya kuorodhesha hifadhi, na miunganisho kutoka mtandao wa Tor, unaoficha anwani ya mtumiaji. Yaani ushahidi ulikuwepo tangu Machi; kilichokosekana ni kengele.

Ndiyo maana mteja wa wingu namshauri aanze na mfumo unaosoma kumbukumbu za nani ametoa amri gani, kwa ufunguo upi, kutoka wapi. Kwa Amazon upo GuardDuty, kwa Microsoft upo Defender for Cloud, na Google wana Security Command Center. GuardDuty, kwa mfano, hutoa tahadhari ufunguo wa seva unapotumika nje ya wingu la Amazon. Lakini soma maandishi madogo: CloudTrail, daftari la matukio la Amazon, kwa kawaida huonyesha siku 90 tu zilizopita, na halirekodi usomaji wa mafaili ndani ya hifadhi mpaka uliagize na kulilipia. Capital One ilichukua karibu miezi minne kujua. Hesabu mwenyewe.

Wanaoendesha kontena waongeze Falco, inayotazama programu zinaomba nini kwenye kiini cha mfumo endeshi. Suricata ije baadaye, hasa kwa wenye seva zao wenyewe zilizounganishwa na wingu.

Kuhusu kuzuia, mimi ni mwoga, na sioni haya. Mfumo unaokata mawasiliano wenyewe utamkata na mteja halali siku ya malipo ya mishahara. Uanze kwa kutahadharisha tu, ujifunze kelele zake, halafu uuruhusu uzuie yale machache yasiyo na shaka, kama kufuta uhalali wa ufunguo ulioibwa. Kufunga anwani ya mtandao hakumsumbui mwizi, atabadilisha. Na kinga bora ya kisa kile haikuhitaji kununuliwa: seva ya ukuta wa tovuti ilikuwa na ruhusa ya kusoma hifadhi za wateja, ruhusa ambayo kazi yake haikuihitaji. Amazon nayo, Novemba 2019, ilileta utaratibu mkali zaidi wa kutoa ufunguo kupitia anwani ile. Wewe hakikisha tu kwamba seva zako haziukubali utaratibu wa zamani.

Kwa wasomaji wa Kenya kuna hesabu nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kuugundua. Asiye na kumbukumbu atakuwa na nini cha kuripoti?

Kabla ya kusaini mkataba, fungua akaunti ya majaribio, chukua ufunguo wa seva, utumie kwenye kompyuta ya nyumbani kuorodhesha hifadhi, kisha uangalie saa. Tahadhari isipomfikia mtu mwenye jina na zamu siku hiyohiyo, usinunue.