Tengeneza Lori la Makopo

Makopo matupu ya mafuta ya kula yanafaa kutengenezea lori la watoto. Usitumie makopo ya dawa ya kuulia wadudu. Sumu huweza kubaki ndani hata ukiyaosha.

Pima lori la kweli. Gawanya kila kipimo kwa 20. Urefu wa mita 6 utakuwa sentimita 30. Upana wa sentimita 240 utakuwa sentimita 12. Ukibahatisha kipimo kimoja, lori lako halitafanana na la kweli.

Kata vipande kwa mkasi wa bati. Kunja kingo zote kwa koleo. Bati hukata mkono, na kidonda kichafu huweza kuleta pepopunda. Magurudumu yakate kwenye kandambili kuukuu, uyashike kwa waya mnene.

Je, lori la mita 8 litakuwa na urefu gani?